Baiskeli Isiyotoka Chumbani: Ushauri kwa Anayeanza Darasa la Spining

Dindira iko juu, kwenye mashamba ya chai ya Usambara Magharibi, na baiskeli huko ina desturi zake: kupanda husukumwa, kushuka hushikwa breki. Huku chini, Korogwe hadi Handeni, ni chombo cha kazi. Hubeba madumu ya maji, magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi na abiria mmoja kwenye keria. Mtu aliyekulia upande wowote kati ya hizo mbili anapoambiwa kwamba mjini kuna watu wanaolipa kukanyaga baiskeli isiyosogea hata hatua moja, jambo la kwanza analofanya ni kucheka.

Lakini baiskeli ya namna hiyo ameshaiona, tena bila kulipa. Fundi wa kunoa visu anayezunguka mitaani anafika, anaisimamisha baiskeli yake kwenye stendi hadi gurudumu la nyuma liwe hewani, anapanda na kuanza kukanyaga. Mkanda unachukua mzunguko na kuupeleka kwenye jiwe la kunolea lililofungwa mbele yake. Ukimtazama miguu utaona kitu. Kisu kikigusa jiwe kidogo tu, miguu inakwenda kwa wepesi. Akilikandamiza panga la kukatia mkonge, mapaja yanakaza na kasi inashuka. Ugumu hautoki kwenye mlima, unatoka mkononi mwake. Darasa la baiskeli za ndani, ambalo wengi mijini huliita spining, limejengwa juu ya jambo hilo hilo.

Aliyelipatia darasa hilo sura yake ya leo ni Johnny Goldberg, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani. Miaka ya 1980 alikuwa akijiandaa kwa mbio ndefu za baiskeli za kuvuka Marekani, akajitengenezea baiskeli ya kufanyia mazoezi ndani, kisha akaanza kuwafundisha wengine kwa muziki. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Schwinn ilianza kuziuza baiskeli hizo na mtindo ukaenea duniani. Kwa kawaida darasa huchukua dakika 45 hadi saa moja. Baiskeli hupangwa zikimtazama mwalimu, muziki hupigwa kwa sauti kubwa, mara nyingi taa hupunguzwa, na mwalimu huongoza safari ya kufikirika: tambarare, mlima, mteremko, mlima tena.

Dindira hakuna darasa hilo, wala msomaji asilitafute Korogwe mjini kwa matumaini makubwa. Linapatikana zaidi kwenye jimu za miji mikubwa, hasa Dar es Salaam, na kwa jirani zetu Nairobi na Mombasa. Anayelihitaji basi ni nani? Si mama anayechuma chai kwenye miteremko kutwa nzima. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu, na mama huyo huzipita bila kuvaa raba. Anayelihitaji ni mwanawe aliyehamia Dar, anayekaa dukani au ofisini tangu asubuhi, anayepanda daladala kwenda na bodaboda kurudi, na ambaye suruali za mwaka juzi hazimwingii tena. Makala haya ni yake, na ya mzazi anayekwenda kumtembelea akaburutwa hadi jimu.

Kabla ya kwenda, apige simu. Jimu nyingi zina baiskeli moja au mbili za kona, na hizo si darasa. Aulize kama kuna kipindi chenye mwalimu, kama kuna siku ya wanaoanza, na kama anaweza kulipa kwa siku. Kulipia mwezi mzima kabla ya kukalia kile kiti ni haraka isiyo na faida. Mwanamke anayependa kufanya mazoezi na wanawake wenzake aulize pia kama wana saa za wanawake. Zipo jimu zenye saa hizo, ila huwa hazitangazwi.

Hapa kuna mtego unaomngoja hasa mtu wa mlimani. Ana pumzi na ana miguu, maana amepanda na kushuka na mzigo kichwani tangu utotoni. Anaingia darasani akiwaona watu wa mjini wembamba na vitambaa vyao vya jasho, anajisemea kwamba hapa hakuna kazi. Baada ya dakika kumi na tano mapaja yanawaka. Kutembea mlimani kuna mapumziko madogo madogo katika kila hatua, na baiskeli ya kawaida ina friwili: ukiacha kukanyaga, gurudumu linaendelea peke yake na miguu inatulia. Baiskeli nyingi za darasani hazina hiyo friwili. Gurudumu lake la mbele ni zito, mara nyingi kilo 13 hadi 20 za chuma, na limeunganishwa moja kwa moja na pedeli. Likizunguka, miguu inazunguka, upende usipende. Aliyezoea kuacha kukanyaga kwenye mteremko wa kwenda Korogwe atajaribu kufanya hivyo darasani kwa mazoea, na pedeli itamrusha goti.

Kwa hiyo somo la kwanza ni kusimamisha. Chini ya usukani, katikati, kuna kishikizo cha kuzungusha. Kukizungusha kuelekea kulia huongeza ugumu, kushoto hupunguza. Kwenye baiskeli nyingi, kukikandamiza kwa nguvu kwenda chini hulisimamisha gurudumu papo hapo, na nyingine zina wenzo wa breki wa pembeni. Anayeanza amwombe mwalimu amwonyeshe, kisha ajaribu mwenyewe mara mbili tatu kabla muziki haujaanza. Miguu isitolewe kwenye pedeli wakati gurudumu linazunguka, hata kama amechoka vipi. Apunguze kasi, akandamize breki, isimame, ndipo ashuke.

Somo la pili ni kiti, na hili linastahili robo saa nzima kabla ya darasa. Mgeni husimama ubavuni mwa baiskeli na kukipandisha kiti mpaka kilingane na mfupa wa nyonga. Kisha anakaa, anaweka mguu mmoja chini kabisa kwenye mzunguko wa pedeli, na kutazama goti. Goti linatakiwa likunjike kidogo. Likinyooka kabisa kiti kiko juu mno na nyonga zitayumba kushoto na kulia kila mzunguko. Likikunjika sana kiti kiko chini, na goti litalalamika usiku. Kosa hili la pili ndilo la kwetu, kwa sababu baiskeli ya barabarani tumezoea kuikalia chini ili miguu ifike ardhini tunaposimama. Baiskeli ya ndani haina ardhi ya kufikia. Kiti kipande.

Baada ya urefu huja kusogeza kiti mbele au nyuma. Pedeli mbili zikiwa usawa mmoja, goti la mguu wa mbele liwe juu ya ekseli ya pedeli, lisiipite kwa mbali. Usukani kwa anayeanza uwe sawa na kiti au juu yake. Waliozoea huushusha, lakini mgongo wa mgeni hauna deni na mtu. Unyayo uwekwe ili ile sehemu pana iliyo chini ya vidole ndiyo ikanyage katikati ya pedeli. Kukanyagia kisigino au katikati ya wayo, kama tunavyofanya na kandambili, huchosha kifundo cha mguu. Nguzo za kiti na usukani huwa na namba. Azipige picha kwa simu, na siku nyingine hatasumbuka.

Viatu vya kipekee vyenye chuma cha kunasa kwenye pedeli si lazima. Raba yenye soli ngumu inatosha, ikifungwa kwa ule mkanda wa pedeli, na kamba za viatu zichomekwe ndani zisining'inie. Nguo pana ni hatari hapa. Kanga, dera na baibui refu vinaweza kunaswa na gurudumu au pedeli. Anayejisitiri avae suruali ya kubana miguuni na juu yake shati refu linaloishia mapajani, na hijabu fupi iliyochomekwa ndani ya shati. Ataendesha kwa usalama akiwa amesitirika.

Sasa taa zinapunguzwa na muziki unaanza. Mwalimu atataja kasi ya miguu kwa mizunguko ya dakika moja. Kwenye tambarare huwa kati ya 80 na 110, kwenye mlima 60 hadi 80. Mgeni asizikimbilie. Akitafuta 80 na ugumu mdogo, akakaa hapo dakika kumi za mwanzo, inatosha sana. Ila asiuondoe ugumu wote. Gurudumu jepesi kupita kiasi huikimbiza miguu, mwili unarukaruka juu ya kiti, na magoti ndiyo yanayolipa. Kipimo kizuri hakihitaji mashine yoyote: je, anaweza kusema sentensi nzima bila kukatika? Akiweza, yuko kwenye mazoezi ya wastani. Akitoa maneno mawili matatu tu, ameingia kwenye mazoezi ya nguvu. Asipoweza hata kuitika, apunguze ugumu bila kumtazama jirani.

Mwalimu akipiga kelele “ongeza!”, anawaambia watu thelathini wenye miili thelathini. Hakuna anayeona mgeni amezungusha kishikizo kiasi gani, na mwalimu mzuri hataki kujua. Anayeanza akae kwenye kiti wengine wanaposimama juu ya pedeli. Kusimama kunataka ugumu wa kutosha chini ya mguu na mazoea ya kubeba uzito kwa miguu badala ya mikono, na vyote viwili huja baadaye. Nusu ya darasa kwa siku ya kwanza ni darasa kamili. Ni vizuri amweleze mwalimu mapema kwamba atakomea dakika ya 25 au 30, na achague baiskeli ya pembeni karibu na mlango ili atoke bila kumsumbua mtu.

Ushauri huu wa nusu darasa si wa kubembeleza wavivu. Mwaka 2017 madaktari wa jimbo la New York walieleza katika jarida la kitabibu la Marekani wagonjwa waliolazwa baada ya darasa la spining wakiwa na misuli iliyovunjika. Misuli iliyofanyishwa kazi ngumu isiyoizoea hupasuka na kumwaga vitu vyake ndani ya damu, na figo zinazolazimika kuvichuja zinaweza kufeli. Gazeti la New York Times liliandika mwaka huo huo kwamba kulikuwa na visa visivyopungua 46 vilivyorekodiwa kutokana na madarasa haya. Kati ya hivyo, 42 vilikuwa vya watu waliohudhuria kwa mara ya kwanza. Si wazee wala wagonjwa pekee waliopata tatizo hili. Wamo vijana wenye afya na miguu mizuri, walioona aibu kupunguza.

Dalili zake zijulikane. Maumivu ya kawaida ya mapaja huja kesho yake, hukaa siku mbili tatu, na huondoka taratibu. Yasiyo ya kawaida huzidi kadiri saa zinavyopita, mapaja huvimba na kuwa magumu, mtu anashindwa kukunja goti, na mkojo hugeuka kahawia, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Watu wa Dindira hawahitaji kuelezwa rangi hiyo. Anayeiona kwenye mkojo wake baada ya mazoezi aende hospitali siku hiyo hiyo na aseme wazi kwamba alifanya mazoezi mazito, maana bila maelezo hayo anaweza kupimwa malaria akarudishwa nyumbani.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi kuliko wasomaji wa New York. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na waliobeba kinasaba kimoja tu cha ugonjwa huo, wasioumwa kabisa, ni wengi zaidi, hasa katika nyanda za chini ambako malaria imetawala kwa karne nyingi. Korogwe ni mojawapo ya nyanda hizo. Si bure kwamba ilikuwa mojawapo ya vituo viwili vya Tanzania, pamoja na Bagamoyo, vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S. Utafiti wa mwaka 2016 kwa askari weusi karibu 48,000 wa jeshi la Marekani ulionyesha kuwa wenye kinasaba hicho walikuwa na hatari ya kuvunjika misuli kwa mazoezi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 54. Hilo haliwazuii kupanda baiskeli. Linawataka waanze polepole zaidi, wanywe maji, na wasishindane siku ya joto kali. Familia yenye mgonjwa wa selimundu ichukulie kwamba na wengine nyumbani huenda wamekibeba.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari, maumivu ya kifua au mimba azungumze kwanza na daktari. Kupima presha huchukua dakika chache, na mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 asiyewahi kupimwa aanzie hapo.

Maji aanze kunywa mchana kutwa, si kwa kujaza tumbo dakika tano kabla. Chupa moja kubwa na taulo viwe karibu. Chumba chenye watu ishirini wanaotoka jasho mjini Dar mwezi wa pili kina joto la kukata pumzi hata feni zikiwaka, na aliyeteremka jana kutoka baridi ya Dindira atalihisi zaidi, kwa kuwa mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea joto. Chakula kizito kama ugali, wali au bada kiliwe saa mbili au tatu kabla. Ikibaki saa moja, ndizi mbivu inatosha. Wakati wa Ramadhani darasa lifanywe baada ya kufuturu, tumbo likishatulia, kuliko alasiri yenye kiu.

Makalio yatauma. Hakuna namna ya kulikwepa hili. Kiti ni chembamba, na mifupa ya kukalia haijawahi kubebeshwa kazi hiyo. Maumivu hayo hupungua kwa wengi baada ya mara mbili au tatu. Kaptura ya baiskeli yenye sponji husaidia, na huvaliwa bila chupi, kwa sababu mshono wa chupi ndio unaochubua. Ganzi ni jambo tofauti. Ikiingia sehemu za siri au vidoleni, kiti au usukani haujakaa sawa na unahitaji kurekebishwa.

Kuhusu vioo vya baiskeli vinavyoonyesha kalori: mgeni anayekanyaga wastani wa wati 100 kwa dakika 45 anatumia takriban kalori 300, karibu sawa na chapati moja kubwa ya mafuta. Kioo kikimpongeza kwa kalori 700, asiende kuzila. Anayetafuta kupungua uzito kwa spining pekee, bila kugusa sahani, atakata tamaa mapema. Anayetafuta moyo wenye nguvu, usingizi mzuri na miguu isiyoogopa ngazi atayaona matokeo ndani ya wiki chache.

Magoti yaliyochoka nayo yana mahali hapa. Baiskeli haina kishindo cha kukimbia, ndiyo maana hutumiwa sana na wanaopona majeraha. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akanolewa na Mkenya David Kinjah huko Kikuyu na baadaye kushinda Tour de France mara nne, alianguka vibaya Juni 2019 nchini Ufaransa akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Wiki chache baadaye alionekana kwenye video akikanyaga baiskeli ya ndani kwa mguu mmoja, ule mzima. Bingwa wa milima ya Alps aliianza safari ya kurudi akiwa amekaa mahali pamoja.

Na aliyebaki Dindira, asiye na mpango wa kwenda Dar? Wapo wanaojaribu kukanyaga baiskeli yao ya Phoenix ikiwa juu ya stendi. Stendi hiyo imetengenezwa kuegeshea, haikutengenezwa kubeba mtu anayeyumba, na ikiteleza mtu huanguka na baiskeli. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza fremu pana ya chuma inayoshika ekseli ya nyuma pande zote mbili. Tatizo litakalobaki ni wepesi, kwa sababu gurudumu lililo hewani halina upinzani. Dinamo ya taa ikibanwa kwenye tairi huongeza uzito kidogo, lakini kidogo mno, maana dinamo ya kawaida ni ya wati 3 tu. Kwa maoni ya mwandishi, fedha ya fremu hiyo ni afadhali inunue breki mpya, na mwenye baiskeli aende kuendesha kwenye barabara tambarare za Korogwe asubuhi kabla magari hayajawa mengi.

Kwa aliye mjini, baada ya siku ya kwanza apumzike siku mbili au tatu kabla ya kurudi, aongeze dakika tano au kumi kila mara, na alipie mwezi baada ya darasa la tatu ikiwa bado anapenda. Asipopenda muziki wa mwalimu huyu, ajaribu wa mwingine, kwa kuwa darasa hilo hilo hubadilika kabisa kwa mtu anayeliongoza. Mwenye nia apige simu leo aulize darasa la wanaoanza ni siku gani, na siku hiyo afike robo saa kabla.